Goti Langu na Ungo wa Jubilei

Jumatatu, 2 Septemba

Nimekwenda hospitali. Mwenyewe, kwa baiskeli yangu, asije mtu akasema Balbina kapelekwa. Goti la kulia linauma tangu Mei, chini kidogo ya pia yake, mahali padogo pa kufunika na kidole gumba. Nilidhani ni cherehani. Nimeikanyaga miaka ishirini na miwili.

Wamenipa kijana wa mazoezi ya viungo, anaitwa Martin. Alinipa shikamoo nikaitikia, halafu akabonyeza pale pale na heshima yote ikaishia hapo. Akasema ni kano, ule mshipa mgumu unaoshika pia ya goti. Umebebeshwa kazi kuliko nguvu zake. Nikaomba sindano. Akasema dawa ni mazoezi: kuchuchumaa nusu, polepole, kuhesabu nne kushuka na nne kupanda. Mara kumi na tano, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Wiki kumi na mbili. Katika muda huo nisiruke, nisikimbie, nisipige magoti.

Wiki kumi na mbili! Jubilei ya Padre Ildefonce ni tarehe 22 mwezi huu. Miaka kumi na minne sasa, maandamano ya vipaji, ya kupeleka matoleo altareni wakati wa Misa, yanatanguliwa na mimi. Ungo wa mpunga kichwani, mikono pembeni, nacheza kutoka mlangoni hadi altareni, na pale napiga magoti taratibu bila punje kudondoka. Watu wanatoka mbali, hata kijiji cha Mkula, kuja kuona. Siutoi ungo huo kwa mtu.

Akaniuliza maumivu ni ngapi kwa kumi. Nikasema mawili. Ni saba.

Jumanne, 3 Septemba

Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Dozi nzima ya Martin ni kuchuchumaa mara elfu moja mia sita na ishirini. Yeye ni kijana, ana muda wa kuchezea. Nikigawa kwa siku tano, ni mia tatu ishirini na nne kwa siku. Jumamosi nimemaliza dozi, Jumapili nimepona. Sijui kwa nini hospitali hawafikirii.

Nilianza saa nne asubuhi. Kuhesabu nne kushuka kunachelewesha, nikawa nahesabu moja. Mume wangu Fulgensi alinikuta kwenye mia mbili na kumi na moja, nimeshika mwimo wa mlango. Akauliza nimedondosha nini. Nikamwambia aende zake dukani.

Jumatano, 4 Septemba

Sikuamka. Maana yake niliamka, ila mguu haukuja. Fulgensi kaniletea uji kitandani akaenda zake dukani. Goti limefika nane. Nikiulizwa ni mawili.

Ijumaa, 6 Septemba

Mazoezi ya kwaya. Nilitembea kama mtu mwenye mawazo mazito ili kuchechemea kusionekane. Mama Angelina, mwenyekiti wetu wa kina mama, ana macho ya kunguru. Akatangaza mbele ya wote kwamba Jumamosi ya tarehe 14 atataka kuniona nikipiga magoti na ungo, na nikishindwa ungo utabebwa na Gladness. Kwamba si kwa ubaya, ni kwa heshima ya Padre.

Gladness! Kaolewa hapa Lipangalala mwaka juzi. Ana miaka ishirini na tisa na magoti ambayo hajui hata kama anayo. Alipotajwa akainama kwa aibu. Mtu mwenye adabu kiasi hicho hawezi kuwa na nia njema.

Nililia kidogo njiani, kwenye baiskeli, nikijifanya ni vumbi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimepata njia. Jumanne mazoezi ya Martin yaliniangusha kitandani mimi niliyezoea shamba. Je, Gladness, mtoto laini vile?

Baada ya Misa nikamwita Gladness pembeni. Nikamwambia kila aliyewahi kubeba ungo wa parokia hii amepitia zoezi la siri, na kwa kuwa ninampenda, namrithisha. Nikamweleza vile vile alivyosema Martin, nne kushuka, nne kupanda, kwa sababu sikuweza kubuni kitu kibaya zaidi. Akaomba kalamu akaandika kwenye kiganja. Kisha akapiga magoti kunishukuru na kuinuka bila kushika chochote. Hilo liliniuma kuliko goti.

Alhamisi, 12 Septemba

Gladness hajaanguka. Nimepita kwao mara mbili kuhakikisha. Mara ya kwanza anatwanga, mara ya pili anaimba.

Kliniki. Martin aliangalia goti halafu akaniangalia mimi. Akauliza nimefanya mara ngapi. Nikasema nimefanya kama nilivyoelekezwa, isipokuwa kalenda. Akasema kano haliharakishwi, linazoeshwa kidogo kidogo hadi lipate nguvu, na maumivu yakizidi matatu, au yakilala hadi kesho yake, nipunguze. Kwa sasa niegemee ukuta kama nimekaa kwenye kiti, sekunde arobaini na tano, mara tano. Nimefanya mara moja. Ukuta haukunipa tatizo.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku ya kuonekana. Sikulala vizuri, lakini niliamka nimeamua.

Nilicheza kutoka mlangoni vizuri sana. Mabega, shingo, kila kitu kilikuwepo isipokuwa mguu wa kulia, na huo niliuburuza nikaufanya mtindo. Nilipofika mbele ya altare nikasimama. Mama Angelina akasubiri. Mwalimu Obadia wa kwaya akarudia kiitikio. Nikageuka nikawaambia kwa sauti ya chini kwamba kwetu Mahenge ungo wa mpunga haupigiwi magoti kabla ya siku yake. Ukipigiwa magoti kwenye mazoezi, mavuno yanakasirika.

Nimezaliwa Mahenge na sijawahi kusikia jambo hilo.

Obadia katokea Shinyanga na anaogopa sana kuvunja mila za wenyeji. Akavua kofia. Akasema tusicheze na mambo ya wazee. Mama Angelina alifungua mdomo, ila na yeye kwao ni Ulanga, wilaya ile ile ya Mahenge, na hakutaka kuonekana hajui mila. Akasema kweli, hata bibi yake aliwahi kutaja. Ungo ni wangu! Gladness aliniuliza kama awe anafanya mazoezi kwa sinia. Nikasema sinia halina neno.

Jumatano, 18 Septemba

Nashona sare za vitenge, sketi thelathini na moja. Nakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, mishono inakwenda kama njia ya mbuzi.

Sketi ya Gladness nimeibana inchi mbili kiunoni na moja magotini. Ikitokea Mama Angelina akabadili mawazo siku yenyewe, Gladness hataweza hata kupanda ngazi. Jioni kaja kuijaribu. Imemkaa vizuri mno. Anasema tangu ameanza zoezi langu kiuno kimepungua na mapaja yamekaza, na anashangaa nilijuaje. Akaniletea kuku.

Kuku nimempokea. Hana kosa.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika nimeweka mguu juu ya mto.

Kanisa lilijaa hadi nje. Miaka ishirini na mitano ya upadre, na Padre Ildefonce amekaa pale na joho la dhahabu, anatabasamu. Ngoma zikaanza. Nikatoka mlangoni na ungo, na kwa kweli nilisahau kila kitu. Vigelegele vilinibeba. Nafikiri sijawahi kucheza vile.

Nikafika altareni. Nikashuka. Nne, taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimepewa hesabu hiyo. Hakuna punje iliyoanguka. Magoti yakagusa sakafu na pale chini ya pia pakawaka moto.

Wimbo ukaisha. Sikuinuka.

Obadia akarudisha kiitikio. Sikuinuka. Akarudisha tena, akapandisha sauti, wapiga ngoma wakaniangalia. Mimi nikafumba macho kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja. Nikamsikia Padre akishuka ngazi. Nilidhani anakuja kuniinua. Akapiga magoti mbele yangu! Akadhani nimezama katika sala. Mapadre wengine wakapiga magoti. Kisha nikasikia kishindo kikubwa nyuma, kanisa zima linashuka. Hakuna aliyethubutu kuinuka kabla yangu, na mimi siwezi kuinuka. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama Misa imekwisha.

Aliyekuja ni Gladness. Alichuchumaa kando yangu polepole, na nilimsikia akihesabu, moja, mbili, tatu, nne. Akatoa ungo kichwani kwangu akauweka kwake. Akapitisha mkono chini ya kwapa langu, akahesabu tena, akapanda na ungo na mimi. Sketi haikuchanika hata uzi. Alinipeleka hadi benchi kisha akarudi kumkabidhi Padre mpunga.

Nilimtazama akienda. Anajua kucheza. Nimeandika na sifuti.

Kwenye shukrani Padre alisema amekaa altareni miaka ishirini na mitano na hajawahi kuona unyenyekevu kama wa Mama Balbina. Watu wakapiga makofi. Gladness aliniinamia sikioni akasema, mama, lile zoezi ulilonipa limenisaidia sana magoti, ungejaribu na wewe.

Jumanne, 24 Septemba

Kliniki. Kano halijakatika, lakini Martin anasema nilikuwa karibu. Naanza upya, wiki ya kwanza. Kumbe ningekuwa nimeshamaliza wiki tatu kama ningefuata tu hesabu yake. Nikamwahidi. Nilikuwa nasema kweli, alivyonitazama yule kijana nilijisikia vibaya.

Nilipotoka nikapita parokiani kumsalimia Padre. Kwenye ubao wamebandika karatasi: hija ya miguu hadi Mang'ula, siku mbili, kituo cha mwisho mlimani. Anatafutwa mama wa kutangulia mbele na msalaba, jina la kwanza kwenye orodha ndilo litakaloubeba. Gladness alikuwa amesimama pale na kalamu, anasoma.

Nimekumbuka maneno ya Martin moja baada ya jingine. Kuruka, kukimbia, kupiga magoti. Kutembea hakutaja.

Kalamu nilimpokonya. Jina langu ni la kwanza.