Namna Nilivyomaliza Kaboni Kiwandani

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kikao. Mzee Abdulrahman, mwenye kiwanda chetu cha sabuni hapa Kibamba, kasema wanunuzi wa nje wanaleta kodi ya kaboni. Boila inakula kuni mno. Wiki hii ataleta wapimaji waangalie nani anapunguza kaboni zaidi: mie au Lusungu, mwenzangu wa boila. Mmoja anabaki, mwingine nyumbani. Loh! Na mke wangu Atuganile ana mimba ya miezi minane.

Ila kaboni naijua toka nilipokuwa karani wa stoo. Si yale makaratasi ya bluu ya kwenye vitabu vya risiti! Lusungu hata kalamu hashiki. Kwisha habari yake.

Jumanne, 10 Juni
Nimenyofoa kaboni kwenye vitabu vyote. Vidole bluu tupu. Naima wa ofisini kauliza nakala atatoaje. Nikamwambia aandike mara mbili, tunaokoa ajira. Lusungu kutwa nzima anayavisha mabomba ya mvuke mablanketi. Eti joto lisipotee! Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Alhamisi, 12 Juni
Magunia matatu ya kaboni. Nikiyatupa jalalani wapimaji watayaona. Nimeyasukumia yote kwenye boila.

Saa nne wapimaji hao getini. Moshi mweusi tii! Ukatua kwenye nguo za majirani na kwenye shati jeupe la mkubwa wao. Nikamwamkia, nikamwambia kaboni yote ndiyo ile inaondoka. Kaandika muda mrefu sana.

Ijumaa, 13 Juni
Mzee kanielewesha taratibu, kama anaongea na mgonjwa. Kaboni ni ule moshi. Lusungu kapunguza kuni theluthi nzima, anabaki. Mie basi. Machozi yamenitoka getini, mlinzi kajifanya hanioni.

Atuganile hakugomba. Kauliza tu, "Baba Bupe, huyu mtoto atazaliwa tukiwa tunakula nini?" Lakini jamani, si wangesema moshi!

Jumapili, 15 Juni
Jirani yangu Mwinjuma kaleta neema. Kiwanda cha biskuti Kiluvya kinatafuta mtu wa kupunguza hewa ukaa. Alitaka kunieleza maana yake, nikamkatiza. Mie si mshamba. Hewa ukaa ni hewa ya watu kukaa! Wafanyakazi wanakaa mno, hewa nayo inalala humo humo.

Usaili kesho saa mbili. Nitawaahidi kwamba siku ya kwanza tu natoa viti vyote nje.