Kiziwi Mwenye Oda ya Spika

Jumatatu, 2 Novemba 1998

Balaa! Mtu wa boti kaleta salamu: mke wangu Honorata anarudi Jumamosi kutoka Mwamgongo, alikokwenda kumhudumia binti yetu aliyejifungua. Nilidhani atakaa mpaka Krismasi. Wajukuu wa siku hizi wanapata nguvu upesi mno.

Tatizo ni pipa la mawese. Ni lake. Kayakamua mwenyewe msimu mzima ili tupate mabati, maana mvua ikinyesha tunalala na masufuria kitandani. Nami nimelipeleka Ujiji kwa Mwinshehe, muuza vyombo vya muziki, liwe arubuni ya oda maalumu kutoka Dar. Spika mbili ndefu kunizidi, ubavuni maandishi mekundu: MZEE BONIFASI BABA WA MUZIKI. Lengo? Kumfilisi jirani yangu Nyabenda, Mrundi aliyekimbilia huku tangu mwaka sabini na mbili, anayekodisha spika zake zinazokoroma kwenye kila harusi ya mtaa wetu wa Buzebazeba.

Kesho nafuta oda. Kazi ndogo.

Jumanne, 3 Novemba

Nimefika dukani. Nani kakaa kwenye benchi? Nyabenda! Kaja kununua fyuzi. Juzijuzi tu nilijigamba mbele yake, benchi hilohilo, kwamba spika zake atafugia kuku. Sasa niseme nafuta? Bora nimeze fyuzi.

Nikamwambia Mwinshehe daktari kanikataza kelele. Akasema pole Mzee, ondoa shaka, zina kitufe cha kupunguza sauti. Nyabenda akauliza kama kipo na cha kupunguza majigambo. Duka zima likacheka. Hata Mwinshehe, mtu wa swala tano!

Nimerudi kwa miguu nikila vumbi la malori yanayopeleka wakimbizi kambini.

Jumatano, 4 Novemba

Akili imenijia nikinywa uji. Kiziwi ana haja gani na spika? Pamba masikioni, huyoo Ujiji.

Mwinshehe akaniamkia. Marahaba ikafika kwenye meno, nikaimeza. Akarudia kwa nguvu, shikamoo Mzee! Nikamkodolea macho kama samaki mgebuka sokoni. Kisha nikampigia kelele kwamba masikio yangu yamekufa. Machozi yakamlenga. Akasema jambo hili ataliangalia. Safi!

Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Mzee mzima utapitaje njiani bila kuitikia watu? Shikamoo zilininyeshea kuanzia sokoni mpaka mlangoni kwangu, sikuitikia hata moja. Skolastika muuza dagaa akatangaza kwamba Bonifasi kapata mjukuu, kaota na mapembe.

Jioni Nyabenda akaja kunijulia hali. Akakaa karibu yangu, kanishika mkono, anatabasamu, huku akiwaambia aliokuja nao kwamba mutama huyu, ndivyo wanavyomwita mzee kwao, anacheza ngoma kama mtu aliyekanyaga siafu. Tena, akasema, niliwahi kumwibia kuku! Uongo mtupu. Alikuwa bata. Nimeng'ata ulimi mpaka umevimba.

Alhamisi, 5 Novemba

Mwinshehe kaja mwenyewe kwa baiskeli, uso unang'aa. Akachuchumaa uani, akanichorea kwa kijiti mchangani, na kwa kuwa alidhani sisikii, akawa anajisemea kila anachochora. Kapiga simu Dar. Kafikiria sana, huyu maskini na hamu yake yote ya muziki, atasikiaje? Basi kabadilisha oda. Zinakuja kubwa maradufu, na horni juu kama za uwanja wa mpira. Nyongeza hataki. Ni sadaka.

Nikalia. Akadhani ni furaha, akanikumbatia. Wema wa mtu huyu unachosha!

Jumamosi, 7 Novemba

Honorata kashuka. Kabla hajaketi kachungulia stoo. Akauliza pipa liko wapi. Nikaonyesha sikio.

Akanitazama weee. Kisha akamgeukia Gloriose, mke wa Nyabenda aliyekuja kumlaki, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba kaleta migebuka waliobanikwa vizuri, lakini mgonjwa huyu naona hana hamu ya chakula, chukua wote umpelekee mumeo.

Nikasema: Na mimi je?

Gloriose akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Honorata hakucheka. Akauliza tena pipa liko wapi, na safari hii nikasikia vizuri sana. Nikaeleza yote. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alitazama tu paa, akasema binti yetu anamleta mtoto mwezi ujao, tutamlaza wapi, ndani ya sufuria?

Jumatatu, 9 Novemba

Honorata kaenda Ujiji mwenyewe. Mimi nyuma yake kama mbuzi wa mnada. Akavua kandambili mlangoni, akasalimia, akasema mume wangu alichukua pipa langu bila kuniuliza, naomba oda ifutwe. Basi! Hakuna daktari, hakuna pamba. Mwinshehe akajibu sawa mama, mbao hazijakatwa bado. Kisha akanigeukia kwa huzuni. Mzee, ungesema tu.

Ati ningesema tu! Mbele ya Nyabenda?

Pipa likapakiwa kwenye mkokoteni, likauzwa sokoni palepale. Mkokoteni ukarudi na mabati.

Jumatano, 11 Novemba

Fundi yuko juu ya paa, anagonga. Honorata kanituma kwa Mwinshehe nikaombe radhi. Nimekwenda, nimeomba, kwa moyo wote. Kaniamkia, nikaitikia marahaba mpaka mtaa wa pili wakasikia.

Nikiwa hapo ikaingia habari. Spika za Nyabenda zimeungua harusini Katubuka, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia! Moshi mtupu. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni mapambo. Harusi zote za Desemba sasa hazina muziki!

Mtu mwenye macho angefanya nini? Nimeagiza upya. Arubuni ni cherehani ya Honorata. Nitaipeleka Jumapili, akiwa kanisani. Mwinshehe kauliza, kauliza tena, kama mama anajua. Nikamwambia yeye ndiye aliyenituma. Kwani uongo?

Na safari hii nimetumia akili. Maandishi mekundu yatasema HONORATA MAMA WA MUZIKI. Hebu tuone mtu anavyofuta oda yenye jina lake mwenyewe.