Resho Tatu Zisizo na Mwenyewe

Umeme ulikatika mpiga penalti kwenye televisheni akiwa amekwisha kuweka mpira chini. Kutoka nyumba kubwa ya mbele mzee Herménégilde, mwenye nyumba, mstaafu wa wizara na mtu wa misa ya asubuhi, alitoa neno ambalo padri wake hajapata kulisikia. Wapangaji wa vyumba vya nyuma wakatoka uani, kila mmoja na kidole chake tayari kimenyooka. Taa za majirani zilikuwa zinawaka. Giza lilikuwa la kwao peke yao. Kashipawa, ile mita ya kulipia kabla, ilikuwa imekwisha tena, na ua mzima ulikuwa na mita moja.

"Ni pasi yake," alisema Mama Consolate, akimnyooshea kidole Régis. "Mutu anapiga pasi mpaka soksi."

"Mi niko fonctionnaire, mutu wa serikali, natumika Rohero," Régis akajibu. "Ulitaka niende ku biro kama nguo imetoka mu mudomo ya ng'ombe? Tuzungumuze frigo ya Mama Ghanima."

Mama Ghanima alikuwa na duka katika chumba cha barabarani, akiuza sukari, sabuni na makala, yaani mkaa. Alitengeneza mtandio wake taratibu. "Frigo yangu ilikufa tangu Ramadhani," akasema. "Ndani naweka viatu."

Mtu mmoja tu hakunyoosha kidole. Armel alikuwa ameegemea mlango wake, anachokonoa meno, pua juu. Kazi yake haikujulikana, ila ulimi wake ulijulikana mtaa wote wa Mutakura. Kwa ulimi huo alipata chumba bila kutoa garanti, katika mji ambao mwenye nyumba hakupi ufunguo kabla hujamlipa miezi chungu nzima. Ni kweli chumba kilikuwa kidogo na mita imepigiliwa ukutani juu ya kitanda, lakini kilikuwa chake, na kingine cha bei ile asingekipata.

Sasa pua ya Armel ilikuwa imenasa harufu ya maharage. Akatazama mbabura, yale majiko ya makala yaliyopangwa uani, akaona kwenye mojawapo buibui amejenga na kuhamia na familia yake. Maharage hayaivi kwa maombi. Hawa waheshimiwa, akajiambia, wanapikia resho ndani ya vyumba, lile jiko la umeme lenye waya mwekundu ambalo mzee alilipiga marufuku siku ya kwanza.

Mzee akatokea na tochi. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Jumamosi, kama travaux za jumuiya zimeisha, nitakuja na nyumbakumi, mukubwa wa mutaa. Tutaingia mu kila chumba. Mwenye resho atatoka siku hiyo hiyo na godoro yake ku kichwa."

Wote wakaitikia kwamba ni haki kabisa, na waliopika maharage waliitikia kwa sauti zaidi. Hapo ndipo Armel alipoiona riziki. Mali ambayo mwenyewe hawezi kuililia ni mali tamu kuliko zote, na ndani ya ua huu ilikuwepo ya kutosha kubebwa.

Alianza na Régis. "Monsieur," akanong'ona, "mi sipikake. Sina hata sufuria, muzee anajua. Chumba yangu hawataingia. Ile kitu yako, leta nikufichie."

"Kitu gani?" Régis akauliza.

"Kile kinachoivisha maharage yako bila moshi."

Régis akaingia ndani, akaleta resho ya macho mawili, ya sufuria mbili, imefungwa ndani ya taulo. Akaomba mtu mwingine yeyote asijue. Armel akaapa, maana kuapa hakumpunguzii mtu chochote.

Mama Consolate alikana kwa jina la Bikira, akakana tena kwa jina la mama yake, halafu akatoa mbili. "Hii ni ya kila siku," akaeleza bila haya, "na hii ni ya wageni."

Kwa Ghanima hakupata kitu. "Mwanangu, mi nauza makala, resho niitake ya nini?" alisema. "Lakini roho yako nzuri, Mungu akulipe. Ya Régis umechukua? Iko na macho mbili, usiisahau." Armel akacheka, akaondoka. Mtu mwingine angejiuliza mama huyu amejuaje, lakini Armel alikuwa na tabia ya kujiuliza akiwa amekwisha kuumia.

Mpango ulikuwa mwepesi. Jumamosi asubuhi wote watakuwa kwenye kazi za jumuiya, wakizibua mitaro. Yeye ataumwa tumbo. Atapakia resho kwenye gunia, atachukua taksi ya baiskeli mpaka kwa Shakuru, mnunuzi wa vitu vilivyotumika, na jioni atalia pamoja na wenzake kwamba mwizi amepita.

Tumbo liliuma kwa wakati wake. Armel akafungua geti, gunia begani, akakuta barabara nyeupe. Hakuna baiskeli, hakuna tuktuk, wala pikipiki. Jumamosi, mpaka kazi ziishe, hakuna chombo kinachotembea. Mtoto wa shule analijua hilo. Armel alikuwa amelala kila Jumamosi tangu ahamie, akasahau kwamba wakati yeye amelala mji unasimama. Na mbele ya geti, majembe mkononi, mtaro mzima wa majirani ulikuwa unamtazama, Ghanima akiwa wa kwanza.

"Tumbo inaendelea aje, mwanangu?" akamuuliza.

"Bado, mama," akasema, akarudi ndani kinyumenyume.

Nyumbakumi, bwana Anselme, aliingia na mzee huku matope yakiwa bado mguuni. Chumba cha Régis kilikuwa safi. Cha Mama Consolate kilinukia uvumba. Armel alisimama mlangoni kwake ameshika tumbo, na wazee wakataka kumpita kwa huruma.

"Na kashipawa yenyewe?" Ghanima akauliza kwa upole. "Si iko umo kwa Armel? Nyumbakumi ataamua aje kesi, na mita hajaiangalia?"

Wakaingia. Anselme alipanda kitandani aione mita vizuri, akakanyaga gunia lililofichwa chini ya blanketi, gunia likalia chuma. Resho tatu zikatolewa na kupangwa sakafuni.

"Mutu mumoja, resho tatu," mzee akasema polepole. "Na kumbe hana sufuria."

"Si zangu," Armel akasema. "Hii ya Régis. Zile za Mama Consolate. Muwaulize."

Anselme akauliza. Régis aliitazama resho yake ya macho mawili. "Mi siyijui," akasema. Mama Consolate akapiga ishara ya msalaba. "Mi napika na mbabura, monsieur. Iko apo inje." Lakini macho yake yalibaki sakafuni, aliipenda sana ile ya wageni.

Hukumu haikuchukua muda. Armel atoke, na vitu vyake vyote atoke navyo. Armel aliumia kweli kweli, kile chumba alikipenda, lakini alipofika getini akawa na faraja moja: sasa resho zilikuwa mali yake halali, kwa mashahidi. Nyuma yake Régis na Mama Consolate walikuwa tayari kwenye foleni dukani, kila mmoja na beseni, wakinunua makala. Ghanima aliwapimia bila haraka.

Kwa Shakuru faraja iliisha. "Tangu watu wasikie nyumbakumi anaingia mu manyumba, wote wanaleta resho," Shakuru akasema, akionyesha rundo lililofika dirishani. "Apana, kaka. Hata ya bure siiweki."

Akajaribu kutafuta chumba. Geti la kwanza wakaona resho juu ya godoro, wakafunga. La pili hawakumaliza hata kufungua. Jua likawa kali, na Armel akaelewa kwamba mbele ya wenye nyumba wa mji huu mtu mwenye resho tatu ni janga, na mwenye makala ni mpangaji mwema. Akarudi kwa Ghanima.

"Nipe gunia ya makala, mama. Pesa sina. Chukua hizi."

Ghanima alizigeuza resho, akazipiga kwa ukucha. "Kwa sababu ni weye," akasema, akampa nusu gunia.

Hivyo alifika mtaa wa Mutanga Nord ameheshimika, makala kichwani yaonekane, vumbi jeusi likimteremka shingoni. Geti jipya, ukuta mweupe. Mwenye nyumba, mama mmoja kijana aitwaye Irène, alimsikiliza mpaka mwisho, akaupenda ulimi wake.

"Chumba iko, na garanti sitaki," akasema. "Kila mutu hapa na kashipawa yake. Ila makala sipendi, inachafua ukuta yangu. Wote wanapika na resho. Uko na resho, we?"

"Nilikuwa nazo tatu, mama," Armel akasema.

Lilikuwa neno la kweli, kama lile alilosema mbele ya nyumbakumi. Irène akamtazama kuanzia gunia mpaka miguu, akaona huyu ni mwongo, akafunga geti.