Gari la Kuokoa Pumzi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe baada ya mwalikwa kupata udhuru. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kamati Kuu ya Dharura. Wakuu wa idara, wa vitengo, na wa vitengo vilivyo ndani ya vitengo. Wadau wa maendeleo. Wazazi wangu, ndugu zangu, na wewe fundi wa spika uliyefika alfajiri kunifungia mitambo na sasa naona umejiinamia hapo nyuma yake: kama kuna mkubwa nimemruka, ajihesabu ametajwa, tena kwa cheo cha juu kuliko alichonacho. (Kicheko. Makofi.)

Kabla sijazama, tujifunze kaulimbiu. Nikisema "Pumzi", mnaitikia "Ipo". Pumzi! (Ipo!) Hamjanywa chai nini? Pumzi! (Ipo!) Hapo sawa.

Ndugu wananchi, zamani mtu akizidisha unga, huu wa kulevya, katika mji huu, wenzake walimwacha sakafuni wakatoka mbio, kwa sababu ukipiga simu anakuja askari kwanza, daktari baadaye. Serikali yenu sikivu ikasema haiwezekani. Tukakaa. Tukakaa tena, hotelini, siku nne, tukatoka na rodimapu, mpango mkakati, na andiko dhana la kurasa mia mbili na kumi na mbili, ukiacha viambatisho. Matunda yake ni haya. Nyuma yangu, chini ya pazia hili jeupe, lipo gari la kisasa la wagonjwa kwa ajili ya waliozidisha. (Makofi, vigelegele.) Mezani, boksi la dawa ya kuzindua, ile ya kupulizia puani. Na mstari wa mbele, mhudumu wetu wa dharura, binti shupavu, ndani ya jaketi jipya linalong'aa. Simama, binti yangu, watu walione jaketi. (Anasimama. Anatazama kule nyuma ya spika.)

Takwimu hazidanganyi. Tangu mradi uanze, waliofia ndani ya gari hili ni sifuri. Malalamiko ya gari kuchelewa, sifuri. Kuna nchi zenye pesa zao hazijafika hapo. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Binti yangu, mbona unaondoka na mimi sijagusa kapasiti bildingi? (Mhudumu amepiga magoti nyuma ya spika, kando ya fundi. "Kaka. Kaka, fumbua macho.") Tusitaharuki, jamani, ni ndugu wawili wanasalimiana. ("Miezi minane alikuwa ameacha. Akirudia dozi ya zamani mwili hauihimili. Anakoroma, midomo imekuwa ya buluu. Mheshimiwa, naomba hiyo dawa.")

Swali zuri, na linanipeleka ukurasa wa tisa, Utaratibu. Mgonjwa aliyezidisha atajaza fomu kwa nakala tatu, akieleza ametumia nini, kiasi gani, na kauziwa na nani, kisha ataweka sahihi. Asiyejua kusoma atasomewa. Asiyekuwa na fahamu atasubiri azinduke, ndipo apewe dawa ya kumzindua. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. (Mhudumu anachukua boksi mezani, analifungua. Limejaa magazeti ya mwaka jana.) Hilo, binti yangu, ni la maonyesho. Dawa yenyewe iko kwenye mchakato, na mchakato uko katika hatua za mwisho za kuanza.

(Anamlaza kaka yake chali, anainua kidevu, anabana pua, anampulizia mdomoni. Anahesabu hadi tano. Anapuliza tena.) Kamera, geukeni huku. Mafunzo hayo kajilipia mwenyewe, lakini jaketi ni letu.

("Mheshimiwa, gari.") Gari lipo. Linazinduliwa saa sita, baada ya neno la shukrani, na mkasi uko njiani. ("Basi tupe la kwako.") La kwangu lina bendera. Gari lenye bendera halibebi mtu wa unga, tutaeleweka vipi? (Mama anayeuza chai getini: "Hivi huyu baba ana watoto kweli?" Minong'ono.) Ninao, mama, wanasoma mbali sana na mambo haya.

(Mama wa chai anapita katikati ya viti, anapanda jukwaani, anavuta pazia.) Mama, hapo hapaguswi. (Pazia linaanguka. Nyuma yake limetundikwa turubai lenye picha ya gari la wagonjwa, kubwa kama gari lenyewe, na dereva anayetabasamu.)

Ndugu wananchi, hii ni awamu ya kwanza, kitaalamu tunaiita mwonekano. Awamu ya pili ndiyo gari. Kawia ufike, walisema wahenga. (Mhudumu, kati ya pumzi na pumzi: "Ling'oeni hilo turubai. Watu wanne, kila mmoja na pembe yake. Hospitali ni hapo nyuma ya soko. Nikisema simama, mnasimama, nampa pumzi, tunaendelea." Wanaling'oa, wanamlaza juu yake, wanatoka. Uwanja mzima unawafuata. Viti vinabaki.)

Basi andikeni, ndugu waandishi wa habari, ambao naona na nyinyi mnaondoka: leo saa nne na dakika arobaini, gari letu limebeba mgonjwa wake wa kwanza. Bila mafuta, bila moshi. Nani tena atasema halifanyi kazi?

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchapishaji wa turubai, aliyetekeleza mradi huu wote kwa asilimia mia moja. Namshukuru mwenye studio aliyetupatia picha ya gari, ambalo naambiwa si la nchi hii. Nawashukuru wahudumu wetu kumi na wanne, yaani yule binti, na tafadhali mkumbusheni jaketi ni la kuazima. Nawashukuru wananchi kwa kujitokeza kwa wingi. (Katibu muhtasi anapiga makofi peke yake.)

Tufunge kwa kaulimbiu. Pumzi!

(Kutoka barabarani, sauti ya mhudumu: "Ipo. Ipo bado. Simameni, nampa nyingine. Haya, twende.")

Katibu, andika hapo: wananchi wameitikia.