Jinsi Nilivyomtetea Indrajoy

Jumatatu, 4 Desemba

Siku mbaya. Kwenye kikundi chetu cha kusoma, nyumbani kwa Dada Ketaki, tumemaliza *Mvua ya Ghorofa ya Tatu*, riwaya ya mapenzi ya wanaume wawili, Palash na Indrajoy. Mwandishi hajulikani. Jina la kwenye jalada ni la kubuni. Ni mimi! Kingshuk Lahiri, msahihishaji wa prufu, Mtaa wa College, Kolkata. Hajui mtu, hata Debmalya wangu, Debu, ninayeishi naye mwaka wa tisa huu.

Dada Ketaki alikuwa mwalimu mkuu na hajaacha. Kila kitabu kikiisha, mhusika mmoja anapandishwa kizimbani. Jumamosi hii ni zamu ya Indrajoy. Mashtaka: alimwacha Palash stesheni ya Sealdah saa sita nzima. Alimdanganya mama yake Palash kwamba yeye ni daktari wa moyo. Alifungua barua zisizo zake. Na katika kurasa mia tatu na kumi na mbili hajasema samahani hata mara moja. Dada Ketaki anasema mtu huyo ni wa kutoswa mto Hooghly na viatu vyake.

Imeniuma. Indrajoy ni mimi. Nimemwongezea urefu tu, na nywele.

Debu alikuwa akikisoma asubuhi kabla ya kwenda kutibu mbwa wa watu. Alicheka peke yake mara nne. Kitabu hakina mahali pa kuchekesha!

Jumanne, 5 Desemba

Nimepata akili. Nitakuwa wakili wa utetezi! Nani anamjua mshtakiwa kuliko mimi? Nikampigia simu Dada Ketaki kabla hajanywa chai. Akasema nimechelewa, nafasi imeshachukuliwa. Na nani? Na Debmalya.

Debu! Mtu asiyepandisha sauti hata akiumwa na paka. Nikamuuliza imekuwaje akajitolea kumtetea mtu kama yule. Alikuwa anakunja soksi. Akasema, "Nimeshazoea."

Amezoea nini? Kusoma?

Jumatano, 6 Desemba

Mpango wa pili: wapiga kura. Tuko saba. Ukimtoa mwendesha mashtaka na wakili, wanabaki watano, nami nikiwemo. Nikaanza na Mzee Manas, kondakta mstaafu wa tramu, mtu wa vitamu. Nikampelekea boksi la sandesh, vitamu vya maziwa, za sukari guru mpya, bado za moto. Akala kumi na moja. Nikahesabu kwa furaha. Kisha nikagusia, kama upepo tu, kwamba Indrajoy ana moyo mzuri ndani kwa ndani.

Mzee akafuta vidole. Akasema yeye alikuwa radhi kusamehe yote, stesheni, barua, mama mtu. Lakini ukurasa wa mia moja na arobaini! Pale Palash analia, na Indrajoy anakula sandesh ya mwisho kutoka kwenye sahani ya mwenzake. "Mwanangu, mtu wa hivyo anaweza kufanya lolote."

Akala ya kumi na mbili. Akanishukuru.

Alhamisi, 7 Desemba

Mpango wa tatu, mkubwa kuliko yote. Nimeandika barua kutoka kwa mwandishi! Kurasa mbili, chapa safi, kwenye karatasi nzuri ya ofisini. Mwandishi anawaomba wasomaji wamtazame Indrajoy kwa jicho la huruma, maana mapungufu yake ni kina tu ambacho watu wa kawaida hawakioni. Nikaitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la Dada Ketaki saa nne asubuhi, nikaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni.

Saa nane akanipigia. Alitaka maoni yangu kama mtu wa kazi. Amepata barua ya ajabu, na ameisahihisha kwa wino mwekundu. Mwandishi anachanganya "ki" fupi na "ki" ndefu za Kibengali, mara tatu, kosa ambalo hata wanafunzi wake wa darasa la nne hawakulifanya. Amempa alama nne kwa kumi. Tena anasema mtu anayejiombea msamaha kwa kurasa mbili bila kuandika neno samahani lazima ndiye Indrajoy mwenyewe.

Nikacheka sana. Nikasema mwandishi huyo ni mpumbavu. Nilisema kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyohitajika.

Ijumaa, 8 Desemba

Sina mpango. Debu kapika wali wa dengu na biringani za kukaanga. Nimekula sahani tatu. Baridi imeingia, ametoa blanketi langu bila kuambiwa.

Jumamosi, 9 Desemba

Mahakama! Dada Ketaki alisimama na miwani mbili, moja kichwani. Akasoma mashtaka yote, na barua ikatolewa kama kielelezo. Watu walitikisa vichwa. Mimi nilitazama feni, ambayo ilikuwa imezimwa.

Akainuka Debu. Akasema hakani shtaka hata moja. Wakili gani huyu! Akasema ana swali moja: hizo saa sita, Indrajoy alikuwa wapi? Kitabu hakisemi.

"Mimi nitawaambia," akasema. "Alikuwa stesheni ya Howrah. Alikosea stesheni. Alisimama pale saa sita na maua mkononi, amenuna, akiamini yeye ndiye aliyeachwa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Ndivyo ilivyokuwa! Mwaka wetu wa kwanza, mwezi wa saba. Niliona aibu kuandika. Nilidhani uovu unapendeza zaidi kitabuni kuliko ujinga.

"Si mtu mbaya," Debu akaendelea, polepole, kama anavyosema na mbwa aliyeogopa sindano. "Mtu mbaya unamwacha. Huyu unamwandikia jina la stesheni kwenye karatasi, unamtilia mfukoni. Na siku asipokuwepo nyumbani, unaona nyumba ni kubwa mno. Palash si mjinga. Palash anajua anachokichukua."

Dada Ketaki akavua miwani, zote mbili. Kura zikapigwa. Mimi niliinua mkono kabla ya swali kwisha. Wanne kwa mmoja, asamehewe, kwa sharti kwamba aseme samahani angalau mara moja kabla hajafa. Aliyekataa ni Mzee Manas. Aliniambia hana kinyongo na mimi, ni sandesh tu.

Tulirudi kwa miguu kupitia Gariahat. Nikamuuliza Debu amejua tangu lini. Ukurasa wa tatu, akasema, pale Indrajoy anapopiga chafya saba na kuzihesabu kwa sauti. Hakukasirika. Ana lalamiko moja tu: kwa nini Palash analia kila sura? Yeye miaka tisa amelia mara moja, na ilikuwa kwa ajili ya farasi.

Kisha akapunguza mwendo, kama anayesubiri kitu. Nilijua anasubiri neno gani. Lilifika hadi kooni. Nikamwambia maua ya Howrah yalikuwa mazuri sana. Akanishika mkono, akasema anaamini.

Jumapili, 10 Desemba

Nimeamka na furaha kubwa. Nimesamehewa na mahakama! Na nimejua la kufanya. Debu anastahili samahani, na si samahani ya kusemwa mdomoni jikoni kama ya watu wa kawaida. Naandika kitabu cha pili. Indrajoy atapiga magoti, kurasa arobaini, hadi Palash alie. Palash lazima alie, bila hivyo hapanogi.

Nimeshafika ukurasa wa tisa. Sasa hivi Debu ameniletea chai. Akaiweka, akasimama kidogo, akauliza kwa upole kama kuna neno lolote ninalotaka kumwambia.

Nikamwambia lipo: anipishe kwenye mwanga, niko mahali pagumu.