Malalamiko Dhidi ya Sahani Iliyoidhalilisha Dawa ya Rangi Mbili

Kitanda namba 9,
Wodi ya Wanaume.

Kwa Mganga Mfawidhi,

Ndugu Mganga, pokea heshima zangu kutoka hatua arobaini tu na mlango wa ofisi yako. Ningekuja mwenyewe, ila mguu wa kushoto umekataa. Nimegoma kuchomwa sindano, na daktari anasema usaha ukifika kwenye mfupa, mguu utakatwa. Mimi nasema haki kwanza.

1. Wiki iliyopita mtaalamu wako wa maabara, Bi Nasma, alichukua usaha wa kidonda changu, akaotesha bakteria kwenye sahani, akawapangia dawa sita aone ipi inawaua. Rangi mbili, dawa ya vidonge niliyoitumia miaka kumi na moja, haikuua hata mmoja. Bakteria waliisogelea kama ng'ombe kwenye lambo. Nyingine nne zikashindwa vilevile. Ikashinda dawa moja ngeni ya sindano, ambayo hakuna mtu wa kwetu Mwankoko anayeijua hata kwa jina. Huu ni ushindani gani? Bakteria wangu wanaifahamu rangi mbili nje ndani, lakini hiyo sindano hawajawahi kukutana nayo. Mshindi alibebwa!

2. Nilipokata rufaa, Bi Nasma aliniuliza mbele ya wagonjwa: "Baba, kwani dozi huwa unamaliza?" Swali la dharau. Nikamweleza kwamba nyumbani kwangu hakuna mchoyo wa kula dozi peke yake. Nikipewa vidonge ishirini na kimoja, mke wangu Leah anachukua vinne vya kikohozi, shemeji yangu Shukuru vitatu vya tumbo, na kuku wanatiliwa viwili kwenye maji. Nikipata nafuu siku ya pili, vilivyobaki vinamngoja mgeni. Akanijibu: "Basi hao bakteria umewasomesha mwenyewe, Baba, tangu chekechea mpaka chuo kikuu." Mzee wa kitanda cha nane alicheka mpaka dripu ikachomoka.

3. Kama nimewasomesha, cheti changu kiko wapi?

4. Nimesoma historia ya mataifa mengi, na sijaona taifa lililokubali kutawaliwa na sahani. Napendekeza dawa zipigiwe kura. Mwankoko rangi mbili itapita bila kupingwa, Ikungi itapita kwa kishindo, na kuku wakiruhusiwa kupiga kura hakuna haja hata ya kuhesabu. Bakteria watakaoendelea kuishi baada ya hapo washitakiwe kwa kukaidi uamuzi wa wengi.

Kwa hiyo naomba sahani ivunjwe, matokeo yafutwe, na nirudishiwe rangi mbili yangu kwa maandishi.

Wasalimie wauguzi, wapishi, mlinzi wa getini, na hata Bi Nasma, kwa kiasi.

Ni mimi, mwenye miguu miwili hadi sasa,
Antipasi Eliya

N.B. Barua hii imelala chini ya mto siku sita. Leah alikuja siku ileile, akaisoma yote, hakunigombeza. Alimgeukia tu muuguzi akamuuliza magongo yanauzwa wapi. Nikachomwa. Leo nimevaa kiatu. Tafadhali usivunje kitu chochote maabara. Zimebaki sindano nane, na Shukuru amekuja na jino lake, anauliza kama muuguzi hawezi kumchoma nusu ya yangu. Nimemwambia kila mtu na mguu wake.