Neno la Kiingereza la Mwalimu Gharib

Gharib alikuwa akipita mtaa wa Kuze, mwaka ule wa arobaini na saba, aliposikia cherehani ikilia dukani kwa Mehrunnisa, mshonaji mjane. Akasimama kama aliyeitwa kwa jina. Siku zile cherehani zilikuwa adimu kuliko ukweli kinywani mwake. Akapiga hodi.

"Nafundisha Kiingereza, Bai. Na kule Kizingo kuna memsabu wa Kizungu atafuta fundi wa mapazia ya nyumba nzima. Akiikubali cherehani yako, kazi ni yako."

"Nitamkubalisha vipi, na Kiingereza sina?"

"Neno moja latosha. Koksi."

Kwa haki, neno hilo alilijua. Aliwahi kumpikia Mzungu mmoja, na mke wa Mzungu alilitumia kila asubuhi kumtoa paka mvunguni.

"Maana yake?"

"Kumbembeleza mtu polepole, mpaka atoe alichokikatalia."

"Ndiyo kulazimisha?"

"Hasha! Ukimlazimisha atatoa akilia. Ukimkoksi atatoa akicheka, na shukrani juu. Mtoto hukoksiwa akanywa dawa. Hata moto wa kuni mbichi hukoksiwa ukawaka."

Mehrunnisa akalirudia neno mara mbili tatu, akamimina kahawa.

"Sasa nipe cherehani nikamwonyeshe," akasema Gharib.

"Ndiyo riziki yangu hii, Mwalimu."

Gharib akamsifia mishono, akamsifia kahawa, akamwombea marehemu mumewe. Mjane akawa anatazama koti lake tu.

"Utamwendea memsabu na kifungo chaning'inia? Vua nikikaze."

Hapo Gharib alisita. Ndani ya bitana ya koti lile alishonea pete na mkufu wa dhahabu, alivyovipata kwa wanafunzi waliotangulia. Benki hakuziamini, alisema wezi ni wengi.

"Koti zuri," akasema Mehrunnisa taratibu. "Marehemu alikuwa nalo kama hili. Ila mabega ya kulijaza hakuwa nayo."

Gharib akavua, akicheka.

Vidole vya mshonaji vikapita juu ya bitana, vikatulia kidogo, vikaendelea.

"Uzi wa rangi hii umeniishia. Wewe chukua cherehani, usije ukamkosa memsabu. Koti utalikuta tayari."

Cherehani! Gharib aliitia begani akatoka mbio, na alifika Makadara kabla akili yake haijafika. Hapo akasimama. Akikimbia, amemwachia mjane dhahabu ya kununua cherehani tano. Akirudi kudai koti, hana budi kurudi na cherehani. Akageuka.

"Memsabu amesafiri," akasema, akiitua mezani.

"Maskini. Basi koti lako hili."

Lilikuwa limepigwa pasi, kifungo kimekazwa, bitana imeshonwa kwa mshono wa ustadi kuliko wake. Na lilikuwa jepesi kama kanzu ya mtoto. Gharib akalipapasa mbele na nyuma.

"Kuna kilichopungua, Mwalimu?"

Alifungua kinywa. Ndipo alipomwona Hajra, jirani wa mlango wa pili na mwanafunzi wake wa mwezi wa Rajabu, ameketi pembeni anakunywa chai, mikono yote miwili inameta pete zile zile.

"Hakuna, Bai," akasema Gharib. "Ahsante sana."

Hakuonekana tena Kuze. Mkufu haukupata mwenyewe, ingawa Mehrunnisa asema aliulizia sana. Baada ya Idi duka lake likawa na cherehani mbili.